Abiria Aliyeuzwa Kyumbi: Sajili ya Matatu na Haki za Msafiri

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya aliyemaliza kidato cha nne bila kukutana na sajili ya matatu. Hufunzwa katika isimujamii, bega kwa bega na sajili ya mahakamani na ile ya hospitalini, na sifa zake hukaririwa kama dua: sentensi ni fupi, msimbo huchanganywa, kauli ni za kuamrisha, chuku na utani havikosi. Mwalimu huigiza, darasa hucheka, kengele hulia. Katika mtihani mtahiniwa hupewa mazungumzo mafupi baina ya utingo na abiria, akatakiwa aitambue sajili na kuithibitisha. Akidondoa "songea mama, bado wawili", alama zake huwa kibindoni.

Swali ambalo mtihani hauliulizi ni hili: je, mama huyo aliyeamriwa asogee alikuwa amelipia kiti kizima ama nusu kiti?

Na ichukuliwe safari ya kawaida ya Ijumaa jioni kutoka Nairobi kwenda Machakos, mwendo wa kilomita sitini na ushei. Huanzia pale karibu na barabara ya Landhies, katika kituo kikuu cha mabasi ya mashambani ambacho kimebeba jina la Machakos kwa miaka mingi, ingawa wengi wa wanaokitumia huelekea Magharibi na Nyanza na hawajawahi kuukanyaga mji wenyewe. Mvua imeanza kunyesha, na nauli imepanda kabla ya abiria kupanda. Gari linaonekana limejaa. Utingo anapiga bodi kwa kiganja akidai amebakisha nafasi mbili za haraka. Abiria wawili wakiingia, watu wawili waliokuwa wameketi kimya wanateremka na kwenda kukalia gari jingine, maana wao si wasafiri bali ni chambo. Saa nzima inapita. Hatimaye safari inaanza, watu wanashuka Mlolongo, wengine Athi River, na gari linapofika Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoiacha barabara kuu ya Mombasa, ndani wamesalia wanne tu. Utingo anachungulia nje. Gari jingine limesimama mbele. Matingo wawili wananong'ona, noti zinabadili mikono, kisha mlango unafunguliwa: "Mwaitu, ingia hiyo ya mbele, nimekulipia."

Mwaitu ni neno la heshima la Kikamba, mama yetu. Lakini mwaitu huyo hakuulizwa. Katika gari la pili hakuna kiti, gunia lake la vitunguu limo bado katika buti la gari la kwanza, na alipofika mjini akitumaini kupelekwa hadi Mutituni kama alivyoahidiwa, utingo wa pili alimwambia kwamba yeye alilipwa hela za kufika steji tu. Amlaumu nani? Wa kwanza kesharudi Nairobi.

Kitendo hicho kina jina, na hakuna msafiri wa Ukambani, wala wa Kenya nzima, asiyelijua: abiria ameuzwa. Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kusita. Mtu aliyelipa nauli ndiye mnunuzi. Amenunua huduma ya kufikishwa mahali. Katika sajili ya matatu mnunuzi huyo amegeuzwa kuwa bidhaa, na hakuna anayeshtuka kwa kuwa sarufi nzima ya sajili hiyo imekwisha kumwandaa. Vitazamwe vitenzi vyake. Abiria hupanda. Baada ya kitendo hicho kimoja cha hiari, vitenzi vyote vinavyomhusu huwa katika kauli ya kutendwa: hubebwa, hupangwa, husongezwa, huuzwa, hushushwa. Huhesabiwa kwa vichwa. Neno abiria lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, humtaja mtu apitaye, aendaye. Katika matatu amekuwa mtu apitishwaye.

Neno mteja nalo lina kisa chake nchini. Kwa Wakenya wengi neno hili lilipata umaarufu kupitia simu za mkononi, kwa ile sauti inayotangaza kwamba mteja hapatikani, hata vijana wakaanza kumwita "mteja" mtu yeyote aliyezima simu. Ndani ya matatu maana hiyo ya mzaha imekuwa maana halisi: mteja kweli hapatikani.

Si kwamba haki hazipo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kifaacho, kupewa maelezo anayoyahitaji ili anufaike nayo, kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa anapopata hasara au jeraha kutokana na kasoro ya huduma. Sheria ya kuwalinda watumiaji ilifuata mwaka 2012. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ambayo kanuni zake za mwaka 2014 ziliwataka wenye magari ya abiria wawe ndani ya vyama vya ushirika au kampuni zenye magari yasiyopungua 30. Kwa nadharia basi, mama aliyeuzwa Kyumbi ana ofisi ya kubisha hodi. Kwa madai mazito zaidi, kama vile mzigo uliopotea, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2021 na husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Sheria iliyogusa matatu kwa kishindo zaidi ni ile inayokumbukwa hadi leo kwa jina la marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Kanuni zake, zilizotolewa mwaka 2003, zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Siku za mwanzo watu wengi walitembea kwa miguu maana magari mengi hayakuwa yametimiza masharti: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni, sare ya samawati kwa dereva na ya damu ya mzee kwa utingo, picha ya dereva mahali pa kuonekana. Waliotembea walinung'unika, kisha wakashukuru. Hata hivyo, ni vyema ibainishwe kwamba kanuni za Michuki zilimlinda abiria kama mwili usiostahili kuvunjika mifupa. Hazikumlinda kama mtu aliyefanya mapatano. Nauli aliyokubali, kituo alichoahidiwa, chenji yake, heshima yake, hayo yaliachwa mikononi mwa utingo.

Heshima si jambo la pembeni. Mnamo Novemba 2014 wanawake waliandamana jijini Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha matatu, na kabla ya mwaka kwisha sheria ilirekebishwa ili kumvua mtu nguo kuwe kosa mahususi la jinai. Aliye na mazoea ya kumtazama abiria kama kichwa cha kuhesabiwa hahitaji hatua nyingi kufika huko.

Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kumtwika utingo lawama zote. Mwenye gari humtaka dereva na utingo wake walete kiasi fulani cha fedha kila jioni, mvua inyeshe jua liwake. Mafuta hutolewa humo, na "kitu kidogo" cha njiani hutolewa humo. Kinachobaki ndicho mshahara. Kwa hesabu hiyo, kuwafikisha watu wanne mjini katika gari la viti 14 ni hasara, na kuwauza Kyumbi kisha kugeuza gari kuwahi abiria wengine ni faida. Utingo hana mkataba na mwajiri wake. Atautoa wapi mkataba wa kumpa abiria? Kanuni za 2014 zilikusudia pia nauli ilipwe bila pesa taslimu, jambo ambalo lingeacha kumbukumbu ya kila safari na kumwonyesha mwenye gari mapato halisi. Mpango huo ulikwama. Siku hizi wengi hulipa kwa M-Pesa, lakini mara nyingi ujumbe unaorudi huwa na jina la mtu tu. Haulitaji gari wala safari.

Mpaka wa kusini una la kufundisha. Nchini Tanzania mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hutangaza nauli kikomo, na hutangaza kwa Kiswahili. Lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma hizo. Nauli ya daladala huandikwa kwenye gari lenyewe pale mpandaji aione. Isidhaniwe kwamba matingo wa Dar es Salaam ni malaika. Nao huwashusha watu njiani na kugeuza gari. Tofauti ipo katika jina. Huko kosa hilo huitwa kukatisha ruti, na dereva anayelitenda anaweza kutozwa faini. Kyumbi huitwa kuuza abiria. Jina la kwanza limetungwa kwa jicho la msafiri ambaye ruti yake imekatwa. La pili limetungwa kwa jicho la muuzaji. Abiria wa Daladala akilalamika ana istilahi ya kosa mdomoni. Abiria wa Machakos akilalamika hulazimika kutumia neno la aliyemkosea, na neno hilo halina harufu ya kosa. Lina harufu ya soko.

Mtu ataweza kusema kwamba maneno hayaendeshi magari. Kweli. Lakini kanuni zinazomlinda abiria huyo zimechapishwa katika gazeti rasmi kwa Kiingereza, ilhali mapatano yote ya safari yake, tangu bei mlangoni hadi ugomvi wa chenji, hufanywa kwa Kiswahili au Kikamba. Kifungu cha 7 cha Katiba kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo haujapanda matatu.

Hapa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawawezi kunawa mikono. Kila muhula tasnifu huandikwa kuhusu Sheng ya matingo, michoro ya matatu na majina ya magari, na nyingi ni kazi za kusifika. Utafiti huo umekuwa ukimsikiliza anayepaza sauti pekee. Abiria, ambaye katika mazungumzo yote hayo huwa na mistari miwili tu, "shukisha hapa" na "chenji yangu", hachunguzwi. Kunyamaza kwake ni data pia.

Wazee wanaoyakumbuka mabasi ya Akamba, yaliyokuwa yakifika Kampala na Dar es Salaam kabla ya kutoweka barabarani mwanzoni mwa miaka ya 2010, hukumbuka tiketi: karatasi yenye tarehe na nambari ya kiti. Mwenye tiketi haambiwi amelipiwa, anaonyesha alicholipa. Likitokea la kutokea barabarani, karatasi hiyo pia ni ushahidi kwamba alikuwamo garini.

Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati yake mwaka 2016, kiko hatua chache kutoka steji za mji huo, na wanafunzi wake ni miongoni mwa wanaouzwa. Zoezi la tafsiri la mwaka wa tatu laweza kuwa kanuni za 2014 badala ya dondoo la riwaya ya kigeni. Na chama cha wanafunzi chaweza kukipelekea chama kimoja tu cha ushirika cha matatu mfano wa tiketi, ukubwa wa kiganja, iliyoandikwa Kiswahili ambacho mama wa Mutituni atakisoma bila mkalimani. Maneno yake si mengi: kutoka, kufika, nauli iliyolipwa, nambari ya gari, jina la chama, simu ya malalamiko, na sentensi moja kwamba safari ikikatizwa kabla ya kituo kilichoandikwa hapo juu, nauli iliyosalia hurudishwa mkononi mwa abiria mwenyewe, si mwa utingo mwingine.