Mfunguo Mosi na Shughuli Zake

Msimu wa shughuli za kifamilia Unguja hupangwa na Ramadhani. Ndani ya mwezi huo harusi hazifanywi, ngoma hulala na taarabu hunyamaza. Kila ambacho kingeangukia humo husukumwa pembeni: cha haraka hukimbilia Shaabani, kinachoweza kungoja huwekwa Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, au miezi inayofuata. Ndiyo maana katika wiki za mwisho za Shaabani mtu wa mjini hujikuta na kadi tatu za harusi kwa Jumapili moja, na mama mwenye nyumba hajui aanze kwa wifi, kwa jirani au kwa binti wa mwalimu wa chuoni.

Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355. Kwa hiyo msimu huu hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua, na huchukua miaka 33 hivi kumaliza mzunguko. Mwaka 2000 ulipata Idd el Fitri mbili, ya Januari na ya Disemba. Kati ya 2011 na 2013 Ramadhani iliangukia Julai na Agosti, ikawabana jamaa wa Muscat, Dubai na Uingereza, ambao watoto wao hupata likizo ndefu ya shule wakati huo huo na hawana nafasi nyingine ya kuja kuoza au kuolewa nyumbani. Mwaka 2025 Idd iliswaliwa Machi 31, masika yakiwa mlangoni. Hata Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yana mahali pake katika hesabu hii: yalitokea siku chache tu kabla ya Ramadhani ya mwaka 1383 wa Hijria, katika zile siku ambazo miaka mingine watu huwa wanavunja jungu.

Kuvunja jungu ni karamu ya kuaga kula mchana. Jamaa, wafanyakazi wenza au vijana wa maskani moja huchanga, hutoka kwenda ufukweni au shamba, hupika huko huko na kurudi jioni. Wapo masheikh wanaoikemea kila mwaka, na kila mwaka magari ya kwenda pwani hujaa.

Maandalizi ya Idd yenyewe huanza Ramadhani haijafika nusu, na huanzia kwa fundi cherehani. Anayepeleka kitambaa baada ya tarehe kumi na tano huambiwa ajaribu bahati yake. Kofia za mkono, zile za vito, huagizwa mapema zaidi, kwa kuwa moja huweza kumchukua mshonaji mwezi na zaidi, tundu kwa tundu. Katika kumi la mwisho, baada ya tarawehe, watu huteremka Darajani na Mchangani. Soko la Darajani, lililojengwa 1904, hugeuka sehemu ndogo tu ya biashara ya usiku huo, maana nguo za watoto, viatu, mikoba na marashi hutandazwa njiani mpaka gari haipiti. Bei za siku hizo hulalamikiwa sana, na malalamiko yana haki yake. Zanzibar huagiza sehemu kubwa ya mchele wake kutoka nje, na kisiwa kinachongoja meli hakiwezi kupata bei nzuri wakati kila nyumba inanunua pamoja.

Jambo linalomtia mpishi wasiwasi zaidi ya bei ni mwezi. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na hakuna anayejua ni ngapi mpaka magharibi ya siku ya 29 ipite. Tangazo hutolewa na Mufti wa Zanzibar, ambaye ofisi yake iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001, na nyumba nzima hukaa karibu na redio au simu. Mama wa nyumba hulazimika kuwa tayari kwa majibu yote mawili. Tambi, zabibu, hiliki na samli haziozi, hizo hununuliwa mapema. Nyama na kuku ni suala jingine: akinunua na mwezi usionekane, ana futari ya ziada na mfuko mtupu; asiponunua na mwezi ukaonekana, atakwenda Darajani saa tatu za usiku kugombania mafupa. Juu ya hayo wapo wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani na wapo wanaotaka uonekane hapa hapa, kwa hiyo ukoo mmoja huweza kula Idd kwa siku mbili. Majirani wamezoea kuvumiliana katika hilo. Mwenye Idd ya leo hapeleki sahani mchana kwa jirani ambaye bado amefunga, hungoja adhana.

Alfajiri ya Idd, jiko ndilo chumba cha kwanza kuwaka taa. Tambi hukaangwa kwa samli mpaka zigeuke rangi ya dhahabu, kisha hutiwa tui, sukari, hiliki na zabibu na kuachwa zikauke polepole. Pembeni kuna mkate wa ajemi, sambusa na maandazi yaliyosukumwa usiku. Zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, ambayo hukadiriwa kilo mbili na nusu za mchele, lazima iwe imeshatoka kabla ya sala. Aliyeisahau huonekana akikimbia na mfuko wa mchele mkononi huku takbiri zinasikika msikitini. Udi hufukizwa kwenye chetezo, kanzu hupitishwa juu ya moshi, na wanaume na watoto hutoka kuswali. Wanaporudi, chai iko mezani.

Baada ya hapo huanza sahani. Kila nyumba hupakua ilichopika, hufunika kwa kawa au kwa kitambaa kilichodariziwa, na mtoto hutumwa nayo kwa jirani: juu bibi wa Kipemba, chini familia ya fundi, ng'ambo ya uchochoro nyumba ya Kihindi, ambayo nayo ilileta peremende zake siku ya Diwali. Sahani hairudi tupu. Ikiwa jirani hajamaliza kupika, huibakisha, na jioni huirudisha na kitu chake juu yake. Matokeo yake ni kwamba nyumba iliyopika aina tatu hula aina kumi, na iliyopika aina moja pia hula kumi. Mchana ni zamu ya pilau au biriani, na hapo wanaokula ni wale waliokuja kumwamkia mkubwa wa nyumba.

Ziara zina mpangilio wake, ingawa haukuandikwa popote. Siku ya kwanza ni ya wazazi, mababu na mabibi. Aliye mdogo ndiye huenda kwa mkubwa. Wakwe hufuata, kwa kawaida siku ya pili, na anayewachelewesha hadi ya tatu atasikia maneno. Siku mbili za mwisho ni za marafiki, za shamba na za pwani. Watoto hawana muda wa kupima utaratibu huo. Wao huamkia, hunyoosha mkono, hupokea mkono wao wa Idd na kuhamia mlango mwingine, na kufikia saa kumi za jioni msichana wa miaka sita aliyevaa gauni la malinda, miwani ya jua ya plastiki na kipochi begani anajua hasa nani katika ukoo ni mkarimu na nani ni mgumu.

Fedha hizo huishia viwanjani. Kiwanja cha Mnazi Mmoja, kilicho mpakani mwa Mji Mkongwe na Ng'ambo, kimekuwa uwanja wa sikukuu kwa vizazi kadhaa. Huko kuna pembea, vibanda vya michezo, baluni, askirimu, chipsi, na bunduki za plastiki ambazo hudumu siku moja na nusu. Kariakoo kuna mabembea ya umeme. Watoto hupelekwa jioni na hukaa mpaka usiku, siku nne mfululizo, na mvua ikinyesha hurudi na viatu vipya vilivyojaa tope. Wakubwa nao walikuwa na yao. Sikukuu ilikuwa pia usiku wa taarabu, na vyama kama Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vilikuwa na wasikilizaji walioshona nguo kwa ajili ya usiku huo tu.

Kuamkiana kwenyewe kumebadilika njia. Zamani nyumba za ndugu zilikuwa hatua chache kutoka kwa nyingine, Malindi, Shangani, Mkunazini, Kikwajuni. Sasa mkubwa wa ukoo huenda yuko Mji Mkongwe katika nyumba yenye warithi kumi na wawili, mwanawe yuko kwenye majumba ya Michenzani yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na wajukuu wamejenga Fuoni au Mwanakwerekwe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, karibu nusu ya watu wote 1,889,773 wa Zanzibar. Ziara ya siku ya kwanza, iliyokuwa ya miguu, siku hizi ni ya daladala, bodaboda na foleni.

Wengine huvuka bahari. Wapemba wanaofanya kazi Unguja hurudi kwao, wa Unguja walioko Dar es Salaam hurudi pia, na tiketi za boti huisha. Kipande hiki cha msimu kina kumbukumbu chungu. Meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi, ikielekea Pemba na imebeba watu kupita uwezo wake. Idd ilikuwa imepita kama siku kumi tu. Mwaka uliofuata, Julai 18, 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, zikiwa zimebaki siku mbili tatu Ramadhani ianze. Ajali zote mbili zilitokea kwenye kingo za mwezi wa mfungo, wakati ambapo abiria ni wengi na mwenye chombo ana kila kishawishi cha kutozuia mtu.

Idd ikishapoa, harusi hufunguliwa. Nikaha husomwa msikitini, wanaume hunywa kahawa kwa halua na hutawanyika; sehemu yao ni fupi. Ya wanawake huchukua siku: kusingwa, hina na piko, somo anayekaa na mwari, kesha la kumenya vitunguu thomu na kuchambua mchele, kisha ukumbi, taarabu na kutunza. Asmini na mrehani hupanda bei, maana kila anayeingia ukumbini anataka kikuba. Wapo wanaoandika daftarini nani ametoa nini, na hawafanyi hivyo kwa uchoyo, kwani kilichotolewa ni deni litakalolipwa siku ya harusi ya mtoto wa mtoaji, na deni lisilokumbukwa huvunja undugu haraka kuliko deni la dukani.

Kumbi hulaumiwa kuwa zimeua harusi za mtaani na kuziachia fedha kazi ya majirani. Lawama hiyo imeanzia mwisho wa habari. Kilichoondoka kwanza ni nafasi. Sufuria la pilau la kuni linataka ua, mafiga, maji na watu wa kulinyanyua. Nyumba nyingi kubwa za Mji Mkongwe, zilizokuwa na ua wa ndani na sebule ya kukalisha watu mia, ni hoteli leo, hasa tangu utalii upanuke. Mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Kwenye ghorofa ya nne ya Michenzani hakuna pa kuweka figa hata moja. Na mikono pia imepungua: wifi aliyekuwa akikesha akimenya thomu ni mwalimu au karani, na asubuhi yuko kazini. Bado, hata shughuli ya ukumbini huangukia wanawake wale wale waliopika tambi na kupanga sahani, na kwa hesabu hiyo mwanamke wa makamo mwenye ndugu wengi hufanya kazi mbili kuanzia Shaabani hadi Mfunguo Tatu, ya mshahara na ya ukoo, huku wanaume wakihesabu gharama ya mchele peke yake.

Idd el Hajj, tarehe kumi Mfunguo Tatu, ni nyepesi kwa nguo na nzito kwa nyama. Mbuzi na ng'ombe huchinjwa, udhiya hugawiwa kwa jamaa na maskini, na mkesha hauna wasiwasi wa mwezi kwa kuwa tarehe imeshajulikana siku kumi kabla.

Makunduchi, kusini mwa kisiwa, wana shughuli isiyofuata mwezi kabisa. Mwaka Kogwa huhesabiwa kwa mwaka wa jua wa Nairuzi na huangukia Julai. Wanaume hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake hupita wakiimba, kisha kila nyumba hutafuta mgeni wa kumlisha, kwa sababu kukosa mgeni siku hiyo ni mkosi. Wamakunduchi walioko mjini hurudi. Kwa kuwa tarehe haihami na Idd inahama, zipo zama ambapo sherehe hizo mbili hukaribiana na familia hulipa mara mbili ndani ya wiki chache, na zipo zama, kama hizi za sasa, ambapo zimeachana kwa miezi.

Mzunguko unaokuja umeshajulikana. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza mapema Januari na nyingine mwishoni mwa Disemba. Kumbukumbu ya Mapinduzi ya Januari 12 itaangukia ndani ya mfungo, na miaka miwili itakayofuata Disemba, mwezi ambao jamaa wa ng'ambo wamezoea kuja kuoza, haitakuwa na nafasi ya harusi isipokuwa siku za mwanzo. Wenye mabinti wa miaka kumi na saba leo watakuwa wakigombania kumbi za Oktoba na Novemba, msimu wa vuli.