Injini Mpya, Meno ya Zamani

Jamani wadau, tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, ukitaja vichwa vya dizeli hapa mjini unachekwa. Eti vyuma chakavu! Mimi nabisha. Abiria wa Saranda, Manyoni na Itigi bado wanategemea reli ile ile ya mita moja, ya Mjerumani.

Wengi hawajui kwamba injini ya kichwa cha dizeli haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye mota zilizo kwenye ekseli, na mota ndizo zinazosukuma kwa gia. Kwa hiyo fremu ikiwa nzima, injini iliyochoka inang'olewa, inafungwa mpya. Karakana ya Morogoro imeshaunda upya vichwa vya daraja la 88, vilivyotoka Kanada.

Ugomvi wangu ni huu: tunapenda mno kupiga picha injini na rangi mpya. Mota zikibaki na koili zilizochoka na gia zimelika meno, nguvu yote inapotelea njiani. Subiri treni ianze kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, Saranda kwenda Manyoni, na mabehewa ya mizigo nyuma!

Siku mheshimiwa akija kukata utepe, sisi waandishi tumuulize: na mota mmebadilisha?