Hizo Tani Sita ni Zako, Buda

Wasee, kuna video yangu ya Januari mlipenda sana. Ile ya mimi na nyundo nikipasua slabu ya kuingizia gari kwa mathe, Kitengela. Nyundo, vumbi, muziki, halafu sekunde mbili baadaye uwanja ni msafi na mimi nakunywa soda kivulini. Komenti zilikuwa moto. "Kijana anajituma." "Fundi wa nini sasa?"

Leo nataka kuongea juu ya zile sekunde mbili.

Slabu yenyewe mzae aliiweka 2011, nikiwa darasa la pili. Wa Kitengela mnajua udongo wetu. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Fundi wa wakati huo hakuutoa, na mawe ya chini aliweka ya kuonekana tu, kwa hivyo slabu imekuwa ikipanda na kushuka miaka yote hiyo mpaka ikakatika vipande, na maji yakaanza kuingia sebuleni. Mathe akataka itolewe ili aweke kabro polepole. Fundi akasema elfu 25, kubomoa na kubeba. Mimi, msee wa kuacha kampasi mwaka wa pili, nikaona hapa ndipo nitaonyesha familia kwamba sishindi tu kwa simu.

Kubomoa si shida, na nitawapa siri bure. Usipige slabu ikiwa imelala chini, utaumiza mabega tu. Chimba udongo pembeni, ingiza mtaimbo, inua kidogo, mwenzako asukume jiwe chini yake. Toa vidole kwanza, halafu piga. Ikiwa hewani inapasuka kama biskuti. Vaa miwani, funika pua, hilo vumbi si la mchezo. Ukikuta wavu wa chuma ndani, ukate uweke kando, watu wa skrepa watakuja wenyewe. Siku tatu, mimi na binamu yangu, tukamaliza.

Halafu tukasimama tukaangalia lile rundo.

Piga hesabu na mimi. Mita 8 kwa mita 3, unene sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 2.4. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Jumla, karibu tani 6. Ndovu dume mzima wa Amboseli amelala mbele ya mlango wa mathe, na anatakiwa kuondoka. Wilibaro ilipasuka tairi siku ya kwanza. Canter haibebi hiyo mara moja labda dereva awe anataka kuvunja springi.

Dereva niliyempata pale steji alikuwa mtu mzima, mpole. Akaniuliza, "Kijana, nikutupie tu, ama unataka nipeleke mahali?"

Kutupa tu ilikuwa elfu tatu kwa tripu. Kupeleka mahali, elfu sita na mia tano.

Sikuuliza kutupa tu ni wapi. Tusidanganyane, sikuuliza kwa sababu nilijua. Nikalipa elfu tatu, nusu ya rundo ikaenda, pesa zikaisha, nusu ingine nikaifunika na turubai. Kwa video nikapiga picha ule upande uliokuwa safi. Mkapenda.

Aprili mvua ikaja. Mtaro wa nyuma ya steji ulijaa, maji yakakosa njia yakapanda barabarani, na mama mboga wa pale kona, yule hunikopesha sukuma nikiwa sina kitu, akapoteza magunia mawili ya viazi. Nilienda pale na simu mkononi, natafuta cha kuposti kama kawaida. Nikaona kwa mtaro kipande cha zege chenye nyayo za mbwa. Simba wetu alipita kwa simiti mbichi 2011, mzae akamfukuza na mwiko, na zile alama zikabaki pale mlangoni miaka yote. Hakuna slabu ingine Kitengela iko na mguu wa Simba.

Mama akaniona nimesimama. "Kijana wangu, na hawa watu wanatupa mawe hapa hawana mama?" Nikasema, "Pole, mama." Hiyo tu. Sikuwa na roho ya kusema ingine.

Najua mtaniambia ni kazi ya kaunti. Sawa, mitaro ni ya kaunti na iko hali mbaya, hata mimi nimeshalia nayo hapa. Lakini yale mawe hayakuwa ya kaunti. Mtu wa kubeba taka anatakiwa kuwa na leseni ya NEMA, na mimi sikumuuliza hata swali moja, kwa sababu jibu lingenigharimu elfu tatu na mia tano. Mjadala wote wa kujifanyia mwenyewe ndio umejificha hapo. Tunasema tumeokoa pesa ya fundi, na kumbe tumemtumia bili mama mboga. Ukitaka kujua kazi ni shilingi ngapi, anza kuhesabu na lori, nyundo ije mwisho. Na sisi wa video tuache kukata hiyo sehemu. Mimi nikiwa wa kwanza.

Kitu kinaniuma zaidi ni kwamba hayo mawe yanatafutwa. Huu udongo wetu kila mvua unameza magari, na watu wananunua mawe ya kujazia mbele ya geti. Baada ya mvua nilitoa ile turubai, nikaambia majirani kwa grupu ya WhatsApp kwamba kuna zege iliyovunjwa, bure, mtu aje na wilibaro yake. Tani tatu ziliisha kwa siku mbili. Jirani mmoja alirudi usiku kuulizia kama kuna zingine. Ukiwa na kabro nzima ndiyo rahisi kabisa, ing'oe bila kuivunja, isugue udongo, kuna mtu ataitaka kesho.

Mama mboga nilimwambia ukweli wiki iliyopita. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza viazi nitalipa lini. Nimelipa gunia moja, bado moja.

Jumamosi saa mbili asubuhi tuko pale kwa mtaro, mimi, binamu na mkokoteni wa kukodi. Hakuna muziki. Kama uko Kitengela na una glavu, kuja nazo, zangu zimetoboka. Kile kipande cha Simba nakirudisha kwa mathe, ameshauliza mara mbili kiko wapi.