Uhai 34 na bado nimefungwa

Nilipotea kidogo, test mbili za wiki iliyopita zilinikaba koo. Leo nina dukuduku, naomba mnivumilie.

Ijumaa usiku hapa hosteli Mabibo tulikaa wanne tukacheza Magic, yale makarata ya mapambano. Kwa asiyeyajua: kila mchezaji anaanza na uhai 20, ukifika sifuri umekwisha. Tukakubaliana atakayeshika mkia ananunua chipsi mayai kwa wote, na boom lenyewe halijaingia! Mimi nikajaza karata za kuongeza uhai. Nikafika 34, mshikaji niliyekuwa nacheza naye ana 9. Nikaanza kutamba. Ebwana, raundi nne baadaye nipo kwa muuza chipsi nahesabu elfu kumi na mbili, na chumba kizima kinaniita Daktari.

Tangu siku hiyo wimbo ni mmoja tu: karata za uhai ni za wanaojifunza. Hapo ndipo napinga.

Ushahidi wao naukubali. Toleo la kwanza la mchezo huu, mwaka 1993, lilikuwa na karata tano za gharama sawa, kila moja inakupa kitu kwa tatu. Lightning Bolt inampiga mtu 3. Ancestral Recall inakupa karata 3. Healing Salve inakupa uhai 3. Sasa angalia: Ancestral Recall ni kali mno, mpaka leo kuna mashindano yanayoruhusu nakala moja tu na mengine yameipiga marufuku kabisa. Healing Salve haijawahi kumnyima mtu usingizi. Sababu iko wazi. Ukijiongezea 3, yule kiumbe anayekupiga 3 bado amekaa mezani, raundi ijayo anakupiga tena. Umetumia karata nzima kuahirisha msiba.

Basi Jumapili nikaenda Temeke kwa baba mdogo, nikamkuta kijiweni anacheza bao. Si mnalijua: kete 64, kila mtu 32, una safu ya mbele na ya nyuma. Mpinzani wake alikuwa amejaza kete safu ya nyuma kama ghala. Baba mdogo akala mara mbili mfululizo, safu ya mbele ya yule bwana ikabaki tupu. Kwisha habari. Mbele kukiwa tupu umefungwa, hata nyuma uwe na kete 20. Nikajiona mimi mwenyewe pale na 34 yangu.

Lakini kuna jambo jingine palepale kwenye bao. Kete unazokula huziweki pembeni, unazisambaza kwenye mashimo yako. Yaani kila ukila, mwenzako anapungua na wewe unaongezeka, kwa mkono uleule. Nani pale kijiweni atasema kuongeza kete ni kazi ya wanaojifunza?

Na kwenye Magic karata za namna hiyo zipo. Lightning Helix ya mwaka 2005 inampiga mwenzako 3 na kukupa uhai 3. Ajani's Pridemate ya 2010 ni kiumbe anayekua kila unapopata uhai. Mweke pamoja na Soul Warden, anayekupa uhai 1 kila kiumbe mwingine anapoingia mezani, halafu uone wanaokucheka wanavyonyamaza. Kuna na Necropotence ya 1995: unalipa uhai 1 unapata karata 1. Hapo uhai ni hela kabisa, unanunulia vitu.

Msimamo wangu ni huu: uhai ni muda. Ukicheza na mtu mwenye papara, anayemwaga karata zake zote mapema ili akumalize, raundi moja ya ziada inaweza kukuokoa maana yeye ameshaishiwa. Ukicheza na mtu anayejikusanya taratibu, uwe na 34 au 50 hajali, siku yako itafika tu. Kwa hiyo kabla hujaweka karata ya uhai jiulize: hiyo raundi ya ziada nitaifanyia nini? Ijumaa mimi sikuwa na jibu. Nilikuwa na viumbe wachache, tena dhaifu, nikakaa nahesabu uhai kama mtu anayehesabu salio lake.

Ni kama boom tu, wadau. Boom halikupi digrii. Linakufikisha UE ukiwa umekula, kusoma ni juu yako.

Ijumaa hii narudi mezani. Nimetoa karata nane za uhai mtupu, nimeingiza zinazotibu huku zinapiga. Daktari anakuja na sindano. Nikifungwa tena, nitakuja hapahapa kukiri, na chipsi nitanunua. Ila msiniambie karata za uhai hazina kazi. Niambieni mtu hajui kuzitumia, hapo tutaelewana.