Rafu ya Mama: Picha zilizochorwa juu ya gunia la unga

Katika rafu yetu hii mmezoea kukuta vitabu vya malezi, vya mapishi na vya ndoa, na bila shaka wengine mtashangaa kuona mwezi huu tumewaletea habari za wachoraji. Hata sisi hatukuwa na mpango huo. Kilichotusukuma ni machozi ya mama mmoja wa Ujiji.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya ibada ya akina mama. Wenzake walipoondoka yeye alibaki anakunja kitenge chake, anakikunjua, anakikunja tena. Tulipomuuliza, akatueleza. Mwanawe wa kiume yuko darasa la saba. Kila apatapo nafasi hukimbilia Kibirizi kuandika majina ya mashua na kuchora samaki ubavuni, na wenye mashua humpa chochote. Nyumbani daftari za shule zimejaa picha mpaka kwenye jalada. Baba yake, ambaye ni mzee wa kanisa, aliponda moyo siku aliyopokea ripoti ya shule. Akachukua daftari tatu za picha akazitia jikoni, ugali ukapikwa kwa moto huo. Akasema mambo mawili: kwamba amri ya pili imekataza sanamu, na kwamba yeye tangu azaliwe hajamwona mchoraji aliyejenga nyumba.

"Dada zangu," mama yule akatuambia, "msinipe maneno ya kunituliza. Hawa watu wanaochora, mwisho wao huwa nini?"

Tulitamani kumjibu palepale, lakini tukanyamaza. Swali kama hilo linajibiwa na maisha ya watu waliokwisha kuipita njia hiyo, na maisha hayo mengine yameandikwa vitabuni. Tukaahidi kutafuta.

Wa kwanza kumfikiria alikuwa Edward Saidi Tingatinga, maana jina lake halihitaji kutafutwa. Vitabu vimeandikwa juu yake Ulaya na kwingineko, na habari zenyewe ni fupi kama maisha yake ya uchoraji. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha kazi za nyumbani kwa Wazungu Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968, mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao nyembamba za dari. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa, wakidhani gari alilokuwamo ni la wezi waliokuwa wakikimbia. Miaka minne tu ya kuchora, na leo jina lake limekuwa jina la aina nzima ya picha.

Lakini sisi jicho letu lilikwama mahali pengine. Picha zile ziliuzwa na nani? Ziliuzwa na mkewe, Agatha, pale nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, walikopita Wazungu wakienda kununua mahitaji yao. Mume anachora, mke anakaa juani na picha. Waandishi wengi wanalitaja jambo hili kwa mstari mmoja kisha wanaendelea na habari za rangi na chui. Sisi tuliokaa sokoni na beseni la mawese tunajua mstari huo mmoja una siku ngapi ndani yake. Nani alipanga bei? Siku isipouzwa hata moja, alirudi nyumbani na uso gani?

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama wa Ujiji halikuwa la kufurahisha sana. Mchoraji anaweza kuanza akiwa mtu mzima, anaweza kupata jina, na anaweza kufa bila kulifaidi jina hilo.

Kitabu cha pili ndicho kilichotukalisha. Kinahusu mtu wa ng'ambo ya ziwa letu. Jina lake Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji ambao sasa unaitwa Lubumbashi. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1996, kikiandikwa na Johannes Fabian, profesa aliyekuwa akifundisha Lubumbashi miaka ya mwanzo ya 1970. Tshibumba alikuwa mchoraji wa kuzunguka, anauza picha zake katika miji ya migodi ya Katanga, nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa profesa huyo alimwambia kwamba yeye hakutaka kuwa mchoraji tu. Alitaka kuiandika historia ya nchi yake kwa picha. Yeye mwenyewe alijiona mwanahistoria. Profesa akakubali kuzinunua. Zikatoka picha zaidi ya mia moja, kuanzia enzi za mababu, kupitia Wabelgiji, Lumumba, vita vya Katanga kujitenga mwaka 1960, hadi utawala wa Mobutu, na hata mambo aliyoyaona yanakuja mbele.

Na alichorea juu ya nini? Juu ya nguo ya magunia ya unga! Tulisoma mstari huo mara mbili. Kile kitambaa ambacho sisi tungefua, tukakitoa maandishi kwa jivu na sabuni, tukamshonea mtoto chupi, yeye alikitandaza akakipaka rangi, akamchora mfalme wa Ubelgiji.

Jambo la pili lililotugusa ni lugha. Tshibumba na profesa walizungumza kwa Kiswahili, kile cha Katanga, ambacho sisi wa Kigoma hatuhitaji mkalimani kukielewa. Ndicho tunachokisikia bandarini, na tulichozidi kukisikia tangu mwaka 1996 jirani zetu walipovuka ziwa wakikimbia vita na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Wao husema "banakuya" pale sisi tunaposema "wanakuja". Mazungumzo yakanaswa kwenye kaseti, yakatafsiriwa, yakachapwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili cha mchoraji wa ng'ambo kilisafiri mpaka Marekani, kikaturudia Ujiji kikiwa Kiingereza, na ikatubidi kumwita binti wa kidato cha nne atusomee na kukirudisha kwenye Kiswahili. Kwa kweli jambo hilo lilituudhi. Katika kutafuta kwetu hatukukutana hata na kitabu kimoja cha Kiswahili kinachoeleza maisha ya mchoraji wetu kwa kinaganaga, naye mama anayekihitaji ndiye huyu asiyejua Kiingereza.

Watu wa Katanga walizitundika picha za namna hii sebuleni. Ipo picha moja iliyopendwa sana, iliyorudiwa mara nyingi na wachoraji wengi, inayoitwa Ukoloni wa Ubelgiji. Mfungwa amelazwa chini anachapwa kiboko na askari Mwafrika, ofisa wa Kibelgiji anatazama, bendera inapepea, na kando wamesimama wanawake. Mtu angejiuliza, kwa nini mwenye nyumba anunue aibu kama hiyo na kuitundika juu ya kiti chake? Jibu lao lilikuwa neno moja, na ni neno letu: ukumbusho. Mgeni akiingia atauliza, mzee ataanza kusimulia, na watoto watasikia. Picha inafungua kinywa cha mzee.

Hapo tukakumbuka Ujiji yetu. Kila mgeni huja kuona mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, na katika makumbusho zipo sanamu zao wawili wakisalimiana. Picha ya tukio hilo inayojulikana duniani kote ilitoka katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1872. Wenyeji wa Ujiji wamo katika picha hiyo, wamesimama tu, bila majina. Hakuna hata bibi mmoja wa Kimanyema aliyeulizwa yeye aliona nini siku ile. Tofauti ya kitabu cha Tshibumba ni hiyo: anayesimulia ni yule ambaye kwa kawaida husimama nyuma.

Kuna jambo ambalo hatukulipenda, nasi hatutalificha. Katika picha ya kifo cha Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, Tshibumba amechora misalaba mitatu nyuma ya maiti, kama ile ya Golgotha. Tunaelewa uchungu wake, lakini sisi tunaye Mwokozi mmoja, na binti aliyekuwa akitusomea tulimweleza hivyo. Kisha tukaendelea kuitazama, maana ni picha ambayo huwezi kuifunika upesi. Damu imemtoka marehemu ubavuni ikaandika chini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja.

Na mwisho wa Tshibumba? Tangu mwaka 1981 hivi hajasikika tena. Picha zake ziko Amsterdam, Uholanzi, zimetunzwa vizuri. Kitabu kilipotoka yeye hakuwapo kukishika, na mwaka uliofuata hata jina la nchi aliyoisimulia, Zaire, likafutwa. Tulipokifunga tulikuwa tunajua mengi ya Mobutu na machache mno ya jiko la Tshibumba. Waandishi wa vitabu hivi wangekuwa wanawake, tunafikiri, wangeuliza siku hizo za kuzunguka na picha migodini watoto walikula nini.

Lilibaki suala la amri ya pili. Hili hatukulitafutia mbali. Kutoka sura ya 20 inakataza sanamu za kuabudiwa, na kitabu hichohicho, katika sura ya 31, kinamtaja Bezaleli, fundi ambaye Mungu alimjaza Roho ili achonge, anakshi na kufua dhahabu. Na akina mama, msiiruke sura ya 35, maana wamo wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao kwa ajili ya hema. Zaidi ya hayo, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1959 alichora picha kubwa tano za maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Yesu huyo amezaliwa katika nchi ya Wakikuyu na wanaomzunguka ni Waafrika. Hatujasikia kwamba kuna mtu anayeipigia magoti rangi ile.

Jumamosi tukaenda Ujiji na kitabu chetu. Tulitandika mkeka chini ya mwembe. Baba wa nyumba alikuwa ameketi kwenye kigoda kando, anashona wavu, na baada ya kutusalimu kwa heshima hakuinua uso tena. Mtoto mwenyewe hakuwapo. Alikuwa Kibirizi, bila shaka. Tukamfungulia mama ukurasa mmoja baada ya mwingine, binti akisoma. Tulipofika kwenye ile ya kiboko, mama akashika mdomo. Wavu ukasimama.

"Huyo mwenye kofia ni Mbelgiji?" baba akauliza.

Tukamwambia ndiye. Akaja, akachuchumaa, akaitazama kwa muda mrefu. Halafu, wenzetu, akaanza kusema. Wabelgiji waliingia Kigoma mwaka 1916, nasi wengi tunalijua hilo kwa kusoma, lakini yeye alilijua kwa babu yake aliyepakua mizigo bandarini upande wa pili, Kalemie, enzi ambazo mji ule uliitwa Albertville. Alisimulia makovu ya mgongo wa babu, na jinsi bibi alivyokuwa akiyapaka mawese. Mkewe alikuwa akimkodolea macho. Miaka kumi na sita ya ndoa, alituambia baadaye, hakuwahi kuisikia habari hiyo.

Hatukumwambia neno juu ya daftari zilizochomwa. Si kazi ya wageni kumkosoa mwenye nyumba mbele ya mkewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, akiwa amerudi kwenye wavu wake, kwamba mtihani wa Septemba kwanza. Mashua ni Jumamosi tu, na fedha ya mashua ipite mkononi mwa mama. Tuliona ni haki. Hata sisi tungependa kijana huyu ajue kusoma mkataba kabla hajauza picha. Tulimshauri mama jambo moja dogo, kwamba kila picha mtoto aandike jina lake na tarehe nyuma yake, kwa kalamu isiyofutika.

Kitabu tumekiacha pale hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo mama wa Mwanga aliyekiomba avumilie kidogo.

Tulipokuwa tunaaga, mama alitushika mkono akatuingiza chumbani. Alifungua sanduku, akatoa vitenge kimoja kimoja, na chini kabisa ilikuwapo daftari ya nne, ile ambayo jiko halikuipata. Akatufungulia ukurasa mmoja. Ni mwanamke ameinama ufukweni anageuza dagaa mchangani. Uso hauonekani. Ni mgongo tu, na kitenge kilichofungwa vibaya, nasi tulikitambua kitenge kile.