Reacher Angepita Kondele Usiku, Angefika Wapi?

Wasee, hii itauma wengine, lakini wacha niseme. Hivyo vitabu vya Jack Reacher mnavyosifu kila siku, mimi nimevisoma kuliko wengi wenu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na jamaa wa vitabu vya mitumba kando ya barabara ya Oginga Odinga ndiye akawa mwalimu wangu. Soo moja, Reacher mmoja. Nilisoma kumi na moja nikiwa nimekaa Dunga, nikingoja maisha yajipange.

Kwa hivyo usiniambie sijui utamu wake. Lee Child alipoteza kazi kwenye televisheni kule Uingereza, akaketi akaandika, na 1997 kitabu cha kwanza kikatoka. Reacher alikuwa meja katika polisi wa jeshi la Marekani. Pande la mtu. Sasa anazunguka nchi na mswaki mfukoni, hana nyumba, hana begi. Nguo zikichafuka anatupa, ananunua zingine. (Sisi wa Kibuye tunajua huwa zinaishia wapi.) Akipata mtu mbaya anampiga. Akipata mbaya zaidi anamuua, anapanda basi, huyo ameenda. Hakuna kesi, hakuna maswali.

Hapo ndipo shida yangu iko.

Kwanza, huo uhuru si wetu. Kitabu cha kwanza kinaanza Reacher akikamatwa mkahawani, mji mdogo wa Georgia, mgeni anayejipitia tu. Mwishowe anatoka shujaa. Mimi mwaka jana nilikuwa natoka Kondele saa nne usiku, kitambulisho nimesahau nyumbani. Nikasimamishwa. "Unazurura ukienda wapi?" Nikalala kwenye simiti mpaka asubuhi, na mama akakopa pesa ndio nitoke. Babu zetu walivalishwa kipande shingoni ndio waruhusiwe kutembea nchini mwao. Kijana wa hapa bila karatasi si shujaa. Ni mshukiwa.

Pili, na hii ndiyo kubwa. Mtu aliyefunzwa na serikali kupiga, halafu anaamua peke yake nani ana hatia? Huyo Kisumu hatumhitaji hadithini. Tunamjua. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, polisi waliingia manyumba ya Nyalenda usiku. Baby Pendo, mtoto wa miezi sita, akapigwa kichwani akiwa mikononi mwa mamake. Akafa siku chache baadaye. Uchunguzi wa mahakama ukasema 2019 kwamba polisi ndio wa kulaumiwa. Waliokuja usiku ule pia hawakuwa na muda wa maswali.

Najua utasema, "Lakini Reacher hupiga wabaya tu." Ndiyo, kwa sababu mwandishi ameshamwonyesha wabaya ni akina nani. Hapa kwetu nani anaonyesha? Kila mwenye rungu anaamini yeye ndiye Reacher.

Ukitaka mpelelezi, tuko naye tangu 1960: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule wa *Mzimu wa Watu wa Kale*, pale Zanzibar. Silaha yake ni kiko na kichwa. Anauliza, anasikiza, anauliza tena, mpaka ukweli unatoka mbele ya watu. Ni polepole, nakubali. Lakini wazazi wa Pendo nao hawakutafuta mtu wa ngumi. Walienda kortini wakasimulia yaliyotokea, na ndiyo maana leo tunajua.

Sisemi mchome vitabu. Cha kumi na mbili nitasoma, sijifanyi. Ila ukifika pale anapovunja mtu shingo na wewe unashangilia, jiulize kitu kimoja: angegonga mlango wako wa mabati saa sita usiku, na kumbe amekosea nyumba, ungepata nafasi ya kumwambia?