Kingamwili Ipi, kwa Damu ya Nani?

Mtafiti anayetaka kuhesabu seli za CD4 leo hana tabu ya kupata kingamwili. Anafungua katalogi, anaandika herufi mbili na tarakimu moja, na mara zinajipanga mbele yake chupa chungu nzima: kloni mbalimbali, rangi mbalimbali, bei mbalimbali. Wengi wetu huchagua kwa bei, au kwa rangi ambayo bado haijashikwa kwenye mashine, au kwa sababu maabara ya jirani hutumia hiyohiyo. Toleo hili linahusu alama zilizo juu ya seli za kinga, na hoja yangu ni kwamba kuna swali linalotangulia bei na rangi. Sisi tunaochukua damu Kenya, na hasa huku kwenye delta ya Mto Tana, hatuwezi kulikwepa: kingamwili hii ilipojaribiwa, ilijaribiwa kwa damu ya nani?

Kisa kinachonifanya niulize ni cha zamani. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein walionyesha jinsi ya kutengeneza kingamwili za ukoo mmoja, yaani zinazotoka kwa seli moja iliyozaliana bila kikomo, zote zikishika mahali pamoja bila kupotoka. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne. Kufikia mwaka 1979 Patrick Kung, Gideon Goldstein na wenzao katika kampuni ya Ortho huko Marekani walikwisha kuchapisha kingamwili za kwanza za kutenganisha seli T za binadamu, mojawapo ikiwa OKT4. Kwa kushika molekuli ya CD4, ilizitambua seli T saidizi, zilezile ambazo miaka michache baadaye ulimwengu mzima ungezihesabu kwa hofu, baada ya UKIMWI kutokea na seli hizo kuonekana zikipukutika.

Halafu likajitokeza jambo la ajabu. Miongoni mwa Wamarekani weusi walipatikana watu wazima wenye afya njema ambao OKT4 haikuona kwao hata seli moja saidizi. Mashine ilisoma sifuri. Ungemsoma mtu huyo kwa karatasi tu, ungesema kinga yake imekwisha. Lakini damu ileile ikipakwa kingamwili nyingine ya molekuli ileile, kwa mfano Leu-3a, seli zote zilikuwapo, zimetimia, zinafanya kazi. Kilichokosekana ni mahali pa OKT4 kushikia.

Molekuli ya CD4 ina sehemu nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikihesabiwa kutoka nje kuelekea kwenye utando wa seli. OKT4 hushika sehemu ya tatu. Kwa baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, herufi moja ya jeni imebadilika, C kuwa T katika nafasi ya 868, na hapo asidi amino ya arjinini inakuwa triptofani. Umbo la pale linageuka kidogo, na OKT4 inapita bila kushika. Mgeni aliyeelekezwa nyumba kwa rangi ya mlango atarudi akisema nyumba haipo, kumbe mlango umepakwa rangi upya. Leu-3a, ambayo kloni yake huuzwa pia kwa jina la SK3, hushika sehemu ya kwanza, iliyo mbali na badiliko hilo.

Mwenye nakala mbili za jeni iliyobadilika anaonekana sifuri, na sifuri humshtua mtu, humfanya arudie kipimo. Mimi ninamwogopa zaidi mwenye nakala moja. Kwake OKT4 hung'aa nusu tu. Hakuna kinachoashiria kosa: seli zipo, ila zimefifia. Mtafiti mwenye haraka ataandika kwamba kundi hili la wagonjwa lina seli zilizopunguza CD4 juu yake, atatafuta sababu, na kwa kuwa hakuna uhaba wa nadharia katika elimu ya kinga, ataipata.

Msiseme hayo ni ya Marekani. Mwaka 2009 watafiti wa Nairobi na Manitoba, waliofuatilia kwa miaka mingi wanawake wa Pumwani wanaofanya biashara ya ngono, walichapisha kwamba badiliko hilo la 868 linapatikana kwao kwa kiasi cha kutosha kuchunguzwa, na kwamba waliokuwa nalo walielekea kuambukizwa VVU zaidi ya wasiokuwa nalo. Utafiti mmoja haufungi mjadala. Hata hivyo hebu fikiria maana yake kwa mtu aliyeagiza OKT4 kwa sababu ya bei. Washiriki ambao kipimo chao "kimeshindikana" anawaondoa kwenye jedwali kwa nia njema kabisa, na huenda anaowaondoa ndio hasa aliokuwa akiwatafuta.

Niweke wazi jambo moja kabla mtu hajaenda kliniki na gazeti hili mkononi. Aliyepimwa CD4 hospitalini asishtuke. Vifaa vingi vya kliniki vimejengwa juu ya kloni nyingine, si OKT4, na tangu Kenya ilipoanza mwaka 2016 kumpa dawa kila anayegundulika kuwa na VVU bila kusubiri hesabu ishuke, namba hiyo haiamui tena nani aanze tiba. Ninayezungumza naye ni mtafiti, anayeagiza chupa mojamoja na kujenga jopo lake mwenyewe la kingamwili.

Wala simaanishi kwamba OKT4 ni mbaya. Kuna kazi ambayo hiyo ndiyo ya kuchagua. VVU hushika CD4 kwenye sehemu ya kwanza, karibu na pale pale inaposhika Leu-3a. Protini ya virusi, gp120, ikiwa imekwishakaa pale, Leu-3a inazuiwa na seli inaonekana kana kwamba imepoteza CD4. OKT4 iliyo chini kwenye sehemu ya tatu haigombanii nafasi na virusi, ndiyo maana watafiti wameitumia kuonyesha kwamba molekuli bado ipo, ila imefunikwa. Kwa hiyo anayeniuliza ipi kati ya hizo mbili ni bora, nitamuuliza kwanza anataka kujua nini. Akiniambia "CD4 tu", bado hajaanza kuchagua.

Hapa lawama kidogo inaiangukia namba yenyewe. Mfumo wa CD ulianza Paris mwaka 1982, maabara nyingi zilipoleta kingamwili zao na kuzipanga kwa makundi: zote zilizoshika molekuli moja zikapewa namba moja. Ulikuwa mpango wa busara, maana kabla yake kila maabara iliita molekuli jina lake. Lakini namba inataja molekuli, haisemi kingamwili imeshika upande gani wa molekuli hiyo. Hayo husemwa na jina la kloni, ambalo kwenye makala nyingi zinazotufikia halipo kabisa. Tunaletewa "anti-CD4" na jina la kampuni, basi.

Kloni si tatizo pekee; sasa twende Wema. Kijiji hiki cha Wapokomo kandokando ya Mto Tana, si mbali na Garsen, kinaishi kwa maji: mpunga, ndizi, embe, na mafuriko yanayokuja yanapotaka. Maji hayohayo huleta malaria na kichocho, na delta nzima inajua mtoto anayekojoa damu maana yake nini. Mwenye minyoo ya kichocho huwa na eosinofili nyingi katika damu, na eosinofili hung'aa zenyewe, kwa kijani, bila kupakwa rangi yoyote. Mashine haijui kutofautisha mng'ao huo na ule wa FITC, rangi ya kijani ambayo ni ya bei nafuu na ndiyo huagizwa kwanza. Chukua damu nzima ya watoto wa shule hapa, weka alama yako adimu kwenye FITC, nawe utapata kundi zuri la seli "chanya" ambazo hazikuguswa na kingamwili hata chembe. Ukitenganisha seli kwa Ficoll bado hujawa salama, kwa kuwa katika maambukizi ya minyoo baadhi ya eosinofili huwa nyepesi na kupanda pamoja na limfosaiti.

Ndiyo kusema jopo lililofanya kazi vizuri kwa wachangiaji damu wa Oxford, au hata wa Nairobi, halijathibitishwa kwa Wema. Nasisitiza hili la Nairobi kwa sababu tumezoea kudhani kwamba damu ya mji mkuu inatosha kuwakilisha nchi. Haitoshi, si kwa jeni wala kwa minyoo. Delta hii ina Wapokomo, Waorma na Wawardei wanaoishi bega kwa bega, na hakuna ruhusa ya kukisia kwamba badiliko la 868 liko sawa kwa wote.

Kisha kuna safari. Friji yenye kuaminika na mashine ya saitometri haviko kijijini. Damu ya utafiti ikienda Kilifi, kwenye maabara za KEMRI-Wellcome zilizopo tangu mwaka 1989, inapita Garsen na Malindi, zaidi ya kilomita 100 za joto. Seli zinazokufa njiani hushika kingamwili yoyote inayopita, iwe inazihusu au haizihusu. Asiyetumia rangi ya kutambua seli zilizokufa anahesabu maiti. Na rangi za kuunganishwa, kama PE-Cy7, huvunjika kwa joto na mwanga. Zikivunjika hazizimi: zinang'aa kama PE tupu, na alama iliyokuwa kwenye mlango mmoja inajitokeza kwenye mwingine. Umeme ukipotea usiku na friji ikapata joto, chupa hutaijua kwa macho. Ningependa jopo la rangi nne ngumu kuliko la rangi kumi na mbili zinazobembelezwa, ingawa najua wafadhili hupenda la pili.

Kuhusu vidhibiti nitakuwa mfupi, kwani kurasa za mbele zinaeleza vizuri kuliko mimi. Kingamwili ya isotaipu, ile isiyoshika chochote ambayo wengi bado wanaweka mpaka wao juu yake, nadhani imepewa heshima isiyoistahili. Mrija wenye rangi zote isipokuwa moja, na seli ambazo kwa hakika hazina alama husika, husema ukweli zaidi. Monositi nazo zizuiwe kwanza vipokezi vyake vya Fc, kwa sababu hudaka kingamwili kwa mkia. Tena zina CD4 kidogo zenyewe, ndiyo maana CD4 bila CD3 kando yake haitoshi kusema "seli T".

Nimekwisha kusikia jibu: bajeti. Chupa moja ya kingamwili inaweza kula posho ya wiki kadhaa ya mtu wa uwandani, na sasa mhariri anataka ijaribiwe tena? Ndiyo, na gharama yake ni ndogo kuliko inavyosemwa. Kingamwili nyingi zikipimwa kwa viwango vinavyopungua hufanya kazi kwa kiasi kidogo kuliko kilichoandikwa kwenye kijikaratasi, kwa hiyo kazi hiyohiyo ya majaribio hurefusha maisha ya chupa. Kloni mbili zinazoshika sehemu mbili tofauti za CD4, zikipakwa kwa watu wachache wenye afya kutoka mahali pale utakapofanyia utafiti, zitakuonyesha asubuhi moja kama una tatizo.

Kuanzia toleo lijalo, makala yoyote inayotaja alama ya juu ya seli itataja pia jina la kloni, rangi, namba ya katalogi, kiwango kilichotumika, na watu ambao kingamwili ilijaribiwa kwao kabla ya utafiti: wa wapi, na kama walipimwa minyoo na malaria. Majina ya watu hao hatuyataki. Makala isiyokuwa na maelezo hayo itarudishwa kabla ya kupelekwa kwa wasomaji wa kitaalamu, hata ikiwa imeandikwa na rafiki zetu. Na yeyote atakayepata, Tana au kwingineko, mshiriki mwenye afya ambaye CD4 yake ni sifuri kwa kloni moja na kamili kwa nyingine, atuletee ukurasa mmoja tu wenye picha mbili za mashine zikiwa bega kwa bega. Tutauchapa bila kudai utafiti mkubwa nyuma yake.